Nipo Kando

Jibu la kwanza lilikuja siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, msumeno ukiwa umekwisha kula nusu ya mti na jua likiwaka kila mahali. Lilikuja upesi mno. Hilo ndilo lililomshtua Mkubwa kabla hata hajakumbuka kwamba halikupaswa kuja kabisa, maana katika shamba lile lote, kuanzia uani kwa mwenye shamba hadi kwenye kijito, alikuwa peke yake na mashine zake.

"Mti huooo!" alikuwa amepaza sauti, kama alivyozoea.

"Nipo kandooo!"

Akauzima msumeno. Mti ukabaki umesimama na jeraha lake, majani yakitikisika kidogo huko juu. Vifuniko vya masikio alikuwa amekwisha kuvishusha shingoni kabla ya kuita; akasikiliza. Kimya. Palikuwa na harufu ya petroli iliyoungua na ya maganda mabichi, kama siku zote. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, na alichukia kuona kwamba haukwenda mbio kwa hofu tu. Ulikuwa na furaha ndani yake.

Maana sauti ile aliijua.

Wakata miti wana desturi yao, na haina uhusiano wowote na ushirikina. Mti ukianza kuanguka haumjui mtu. Kwa hiyo wanaokata wawili wawili hufuata sheria ambayo haijaandikwa popote: mwenye msumeno hukata mpaka mti ubaki umeshikiliwa na sehemu nyembamba ya katikati, hapo hupunguza mngurumo, huita, na hamalizii mpaka mwenzake aitike kwamba yuko kando. Asipoitika, unaweka msumeno chini, unakwenda kumtafuta kwa macho. Basi.

Kwa miaka kumi na tisa Mkubwa aliita na mdogo wake akaitika. Watu waliwaita Mkubwa na Mdogo, na wageni waliosikia majina hayo kabla ya kuwaona walicheka walipowaona, kwa sababu Mdogo alimpita kaka yake kimo kwa kichwa kizima na mabega yake yalijaza mlango. Alikuwa mtu wa mzaha. Neno "kando" alilivuta hadi likakaribia kuwa wimbo, halafu akalimalizia kwa kicheko kifupi chenye kikohozi ndani yake. Hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyeitika namna ile. Na huyo alikuwa amezikwa miaka miwili iliyopita.

Aliuawa na mti, katika shamba jingine, safari ya siku nzima kutoka hapo. Mdogo alikuwa ng'ambo ya korongo na mashine ya kufyekea vichaka. Mkubwa aliita, na jibu likaja kutoka ng'ambo ya korongo, safi kabisa. Akamalizia mkato. Walipofukua matawi walimkuta Mdogo hatua nane tu kutoka kwenye kisiki, galoni tupu ya petroli mkononi, vifuniko vya masikio bado vimembana kichwani. Alikuwa amerudi kuchukua mafuta. Hakuwa amesikia chochote wala kuitika.

Siku ya mazishi mke wa marehemu alimsogelea Mkubwa mbele ya watu.

"Shemeji, ulimwita?"

"Nilimwita."

"Akaitika?"

"Aliitika, shemeji. Wallahi aliitika."

"Mtu aliyezibwa masikio, aliyekuwa karibu nawe kama ukuta ule, aliitika kutoka ng'ambo ya korongo." Alimtazama kwa muda mrefu. "Haya."

Hakusema naye tena. Mkubwa hakuwa ameoa. Kwa miaka yote ile alikula mezani kwa mdogo wake, akagombana naye hapo, akalala kwenye kochi lao siku za mvua. Shemeji ndiye aliyemshonea kola za mashati na kumcheka kwamba hakuna mwanamke ambaye angeweza kulala na harufu ya petroli. Baada ya mazishi mlango ule ulifungwa. Akipita mbele ya cherehani yake barazani na kumsalimu, gurudumu lilizunguka tu. Watu waliendelea kumwita Mkubwa, na yeye kila aliposikia alijiuliza, mkubwa wa nani sasa.

Hata hivyo hakuacha kuita. Alikata miti peke yake, jambo ambalo kila mkataji atakuambia ni wazimu, na kila mti alipofika mwisho aliita, akahesabu hadi kumi mahali pa jibu, ndipo akamalizia. Ungemuuliza anamwita nani, asingekuwa na la kukwambia.

Jumanne ile hakumalizia. Aliuacha mti umesimama, akaenda kule sauti ilikotoka, akipenya kichaka kwa panga. Hakukuta nyayo wala majani yaliyolala. Alikuta harufu tu: harufu kali, tamu kidogo, ya mti uliopasuliwa sasa hivi. Akageuka huku na huku akitafuta kisiki. Hakukuwa na mti uliokatwa pale, wala hakukuwa na unga wa mbao hata wa kuziba jino.

*

Mwenye shamba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, bibi mwenye fimbo na redio, aliyetaka njia ya kutembelea asubuhi kutoka uani kwake, kupita katikati ya mikaratusi na vichaka, hadi kwenye kijito. Njia ya mita mbili upana, iliyonyooka, isiyo na visiki vya kumkwaa. Mkubwa alikuwa na msumeno wake, mashine ya kufyekea, na kijiko kidogo cha minyororo, ile mashine ya kuchimbia ambayo yake ilikuwa nyembamba kiasi cha kupita kwenye lango la kuku. Alipewa chumba cha kuhifadhia majembe alale humo mpaka kazi iishe.

"Ni mwangwi," Mwalimu alisema alipoambiwa, bila kuinua macho kutoka kwenye redio. "Sayansi, darasa la tano. Sauti inagonga kitu, inarudi."

"Mwangwi hurudisha ulichosema, Mwalimu. Mimi nasema mti, huko inarudi kando."

"Basi huo mwangwi una akili kuliko wanafunzi wangu wote. Kunywa chai yako."

Mkubwa alirudi akapima mwenyewe. Aliita jina la mdogo wake: kimya. Aliita "wee!", akapiga mluzi, akatukana kidogo: kimya. Lakini kila msumeno ulipokuwa ndani ya mti, kila alipopunguza mngurumo na kuita ile ya kazi, jibu lilikuja, na mvuto wake, na kicheko chake, na kikohozi chake. Siku ya kwanza lilitoka mbali upande wa bonde. Siku ya tatu lilikuwa nyuma ya kichaka cha miba. Siku ya tano aliweza kulisikia likivuta pumzi kabla ya kuitika.

Mtu mwingine angefunga vyombo vyake akaondoka. Mkubwa alifanya kosa ambalo ni mkata miti tu angelifanya: alianza kukata miti isiyohitaji kukatwa. Asubuhi aliamka upesi, akapaka minyororo grisi huku anaimba. Kila mti ulikuwa neno moja kutoka kwa mdogo wake, na yeye alikuwa na njaa ya maneno. Akakata mikaratusi mizima iliyosimama nje kabisa ya mstari wa tepe nyekundu alizofunga kuonyesha njia, akaita, akaitikiwa, akatabasamu na machozi yakimtiririka ndani ya miwani ya kazi. Aliona aibu. Wakati wa kula mkate wake juu ya gogo alijikuta ameukata vipande viwili.

Mwisho wa wiki Mwalimu alisimama uani akaegemea fimbo.

"Fundi, nilikuagiza njia iliyonyooka. Wewe unanichorea nyoka."

Mkubwa alitazama kutoka pale aliposimama bibi. Ilikuwa kweli. Njia ilitoka uani ikiwa imenyooka vizuri, kisha ikajipinda kushoto, ikapinda tena, ikaziacha kabisa tepe zilizoelekea kijitoni, na kuelekea kwenye bonde lenye miti iliyosongamana, mahali ambapo hakuna aliyeagizwa kwenda. Aliitengeneza kwa mikono yake, siku baada ya siku, na hakuwa ameiona.

*

Jino la kijiko lilipovunjika kwenye jiwe akamwita fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuja na mtambo wake nyuma ya pikipiki, mtu mnene, mpole, ambaye alijulikana pia kwa kazi ya pili, ya kuwatoa watu majini kwa kisomo. Mwenyewe alisema kazi zote mbili ni moja, kuziba mahali palipopasuka, ila majini hayachomi vidole.

Alikuwa amepiga magoti kwenye kijiko, barakoa usoni, Mkubwa alipoamua kutumia muda kumalizia mti mmoja uliokuwa jirani. Akaita. Jibu likaja kutoka nyuma ya mti uleule, pengine hatua kumi.

Fundi alisimamisha kazi. Akainua barakoa taratibu.

"Uko na mwenzako?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana."

"Zima hiyo mashine."

Mkubwa akazima. Wakasimama wakitazamana.

"Umeliita mara ngapi?"

Mkubwa alijaribu kuhesabu visiki, akashindwa, akatazama chini. Kisha akamweleza yote, mdogo wake, korongo, shemeji, wakinong'ona kama watu wawili waliokaa na mgonjwa. Fundi alisikiliza akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Jini hili halina mti," alisema mwishowe. "Halina pango, halina sura. Kazi yake ni kuitika tu. Mtu akishaitikiwa huacha kutazama. Hapo ndipo linapokula."

"Kwa hiyo siku ile ndilo lililoitika? Si mimi niliyeota?"

"Wewe ndiye uliyeitikiwa. Aliyeliwa ni ndugu yako."

"Lakini siku ile ilikuwa shamba jingine. Mbali sana."

Fundi akakunja kitambaa. "Hilo silijui. Labda lilikuwa hapa likikungoja. Labda umekuja nalo." Akavaa barakoa, akaivua tena. "Nitasoma, lakini kisomo changu ni nusu. Nusu nyingine ni wewe kufunga mdomo. Siku arobaini usiite. Lisipoitwa litachoka. Na usimlete hapa mtu yeyote aliyefiwa, kaka. Nakuomba."

Akasoma juu ya msumeno, juu ya kijiko, mlangoni pa chumba cha majembe, hata juu ya redio ya Mwalimu, ambaye alimwambia asiharibu stesheni. Kisha akaondoka, na pikipiki yake ilisikika kwa muda mrefu.

Mkubwa alinyamaza siku tatu. Hazikuwa siku nyepesi. Ukimya aliouzoea kwa miaka miwili ulikuwa umerudi, ila sasa ulikuwa mzito zaidi, kwa sababu alijua kwamba neno moja tu lingeuvunja. Alisawazisha njia kwa kijiko bila kukata kitu. Na wakati mashine inatambaa mbele na nyuma, wazo moja lilimwingia na likakataa kutoka. Fundi amesikia. Mtu mwingine, mwenye masikio yake, mwenye akili timamu, amesikia. Basi na shemeji anaweza kusikia. Atajua kwamba hakusema uongo kwenye kaburi la mumewe. Mlango ule utafunguka.

Alijua fika alichokatazwa. Alikwenda.

*

Shemeji alikuwa barazani kwenye cherehani. Hakuinua kichwa.

"Sikuja kuomba msamaha," Mkubwa alisema. "Nilikuja kukwambia kwamba kilichoitika siku ile nimekipata. Njoo usikie kwa masikio yako. Kama hakuna kitu, hutaniona tena, wala salamu sitakupa."

Gurudumu likasimama. Alikuwa amekonda. Nywele za mbele zilikuwa nyeupe, na hakuwa na umri wa hivyo.

"Kinaitika vipi?" aliuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Mkubwa katika miaka miwili.

"Kama yeye."

Akaukata uzi kwa meno, akakunja nguo, akachukua mtandio wake.

Walifika shambani adhuhuri, saa ile ambayo vivuli vinajificha chini ya miguu. Mwalimu alikuwa amesinzia kitini, redio ikimsomea habari. Mkubwa alimwongoza shemeji kwenye njia iliyopinda mpaka kilipoegeshwa kijiko, akamwambia asimame pale, ashike chuma kwa mkono, asikiachie hata iweje.

"Ukisikia chochote, usiende. Mimi nitakuja kwako."

"Sawa."

Alichagua mti mwembamba. Akakata, akapunguza mngurumo, akaita.

"Nipo kandooo!" Na kicheko. Na kikohozi.

Aligeuka. Shemeji alikuwa amefunika mdomo kwa mtandio kwa mkono mmoja, mkono mwingine ungali kwenye chuma, na macho yake yalikuwa makubwa kupita kiasi.

"Ni yeye," alisema. "Mungu wangu, ni yeye. Hukusema uongo."

Mkubwa alikaa chini kwenye majani akalia kama mtoto. Alilia miaka miwili yote kwa mkupuo, bila kujificha, na shemeji alilia pale kwenye kijiko. Hapo ndipo ingepaswa kuishia. Wangefunga vyombo, wangekwenda zao. Lakini shemeji alisema kwa sauti ndogo, "Muite tena. Mara moja tu. Nami nimeishi miaka miwili bila kumsikia."

Nani angemnyima?

Mti wa karibu uliobaki ulikuwa mkubwa, mkaratusi mzee unaoinamia bondeni. Mkubwa alikata upande wa kuangukia, akahamia nyuma, akaanza mkato wa mwisho, na unga wa mbao ukamwagika juu ya buti zake, na alipofika karibu na katikati akapunguza mngurumo, akaita, na jibu likaja kutoka nyuma yake, kutoka kulekule kwenye kijiko, kwa sauti ya mwanamke, tulivu, ya karibu: "Nipo kando, shemeji!" na yeye akashukuru moyoni, akajiambia ni vizuri shemeji amejifunza sheria, akakaza kidole kwenye kichocheo, mnyororo ukauma mbao, na mbao ikaanza kulia ule mlio wa chini ambao mkataji huusikia miguuni kabla ya masikioni, na ni hapo tu, kidole kikiwa kimekaza, alipojisikia baridi mgongoni kote, kwa sababu alikuwa ameitikiwa na hakuwa ametazama.

Akauachia msumeno ndani ya mti, akageuka.

Hakukuwa na mtu kwenye kijiko.

Mtandio ulikuwa umenasa kwenye jino jipya la kijiko, na zaidi ya hapo majani yalikuwa yamelala, na mstari wa majani yaliyolala ulikwenda chini bondeni, moja kwa moja, mahali hasa mti ulipokuwa unainamia, na mle katikati ya vichaka Mkubwa aliona mgongo wa shemeji, akienda polepole, mkono mmoja ameunyosha mbele kama anayeshikwa mkono, akisema kwa upole, "Nakuja, baba, ningoje, nakuja," na juu yao mti ulipiga mlio wa kwanza, na Mkubwa akakimbia, hakuita, hakufungua hata mdomo, alikimbia kwa uzito wote wa mwili wake mfupi, miba ikimchana, harufu ya mbao iliyopasuliwa ikimjaa puani na kooni, na mlio wa pili ukaja, na kivuli kikaanza kutembea juu ya majani mbele yake, na aliporuka alimgonga shemeji kiunoni wakaviringika wote wawili kwenye mawe, na dunia ikapigwa.

Vumbi lilichukua muda kutua. Tawi moja lilikuwa limelala juu ya mguu wa Mkubwa, lakini halikuvunja kitu. Shemeji alikuwa anatazama mikono yake.

"Alikuwa amenishika," alisema. "Mkono ulikuwa wa moto."

"Uliitika? Ulisema upo kando?"

"Sikusema kitu. Sikukusikia hata ukiita."

Walikaa pale. Sasa Mkubwa alikuwa na alichokitaka, ushahidi mzima, na shahidi alikuwa hai kando yake. Angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa ameona jinsi hatua za kumfikia zilivyokuwa chache.

"Shemeji," alisema, "siku ile kuna jambo sikukwambia. Kabla ya kuita, nilisikia mashine yake imenyamaza kule ng'ambo. Nilijua ameondoka mahali pake. Kisha jibu likatoka kulekule. Nikajua si sawa. Mvua ilikuwa inakuja, nilitaka kumaliza. Zilikuwa hatua ishirini kwenda kutazama, na sikwenda. Jini liliitika, ndiyo. Lakini mimi sikwenda kutazama."

Alimpiga. Shemeji alimpiga ngumi kifuani, mara nyingi, bila kusema, na Mkubwa hakujikinga. Alipochoka aliegemeza kichwa palepale alipokuwa akipiga.

"Leo umekuja," alisema baada ya muda. "Bila kuita."

Waliacha msumeno palepale kwenye kisiki. Njiani walikwenda bega kwa bega, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa mbele wala nyuma. Shemeji ndiye aliyeweka sharti. Wasiitane tena kwa sauti, popote. Akija kwake abishe tu, na yeye hatajibu kwa mdomo. Atakuja mlangoni, wataonana uso kwa uso, ndipo ataingia. Kisha akasema, akitazama mbele, "Njoo Jumapili mchana. Nitapika vya kututosha."

*

Jumapili Mkubwa alioga mara mbili kutoa petroli. Alivaa shati ambalo kola yake ilikuwa imeshonwa na mkono ule. Aliona haya kwa jinsi alivyotembea haraka. Alipofika, cherehani barazani ilikuwa imefunikwa, mlango uko wazi, pazia limeshushwa. Ndani kulinukia maharage yanayochemka. Alisimama kizingitini, akabisha kwenye fremu ya mlango.

"Karibu, shemeji! Pita ndani."

Ilikuwa sauti yake, yenye furaha, ile ya zamani, ya kabla ya kila kitu. Mkubwa alikuwa amekwisha kuinua mguu. Alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka miwili.

Pazia halikusogea.

Alishusha mguu. Akiwa bado anajiuliza kama aingie, maana labda yumo humo ndani na hicho kitu, alisikia nyayo kwenye kokoto upande wa nyumba. Shemeji alitokea kwenye kona akiwa na ndoo ya maji kutoka kwa jirani. Walitazamana, uso kwa uso, kama walivyokubaliana. Mkubwa akaonyesha mlango kwa kidevu.

"Pita, shemeji, unasimama nje kama mgeni!" ilisema sauti ya mwanamke ndani. Sahani ziligongana zikipangwa mezani.

Mwanamke aliyesimama nje aliitua ndoo chini polepole sana.

"Kaka amefika?" iliuliza sauti nyingine humo ndani, ya mwanamume, na kiti kikavutwa. Kicheko, kisha kikohozi. "Mwambie aingie bwana, njaa inaniuma."

Shemeji alimshika Mkubwa mkono. Wakarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ukutani kwa jirani, wakakaa chini juani. Ndani ya nyumba waliendelea kutaniana, mume na mke, wakimcheka kaka mtu na harufu yake ya petroli, wakimwita kila baada ya muda kidogo aje mezani. Kisha maharage yakaanza kuungua. Harufu ilitoka kwenye pazia, ikajaa ua mzima, na wao wawili hawakuinuka kwenda kuepua sufuria.